Sura ya Saba kwa Kizungu

Derek ndiye alianza kuniita Sura ya Saba.

Ilikuwa Jumapili, ibada imeisha, vijana tumesimama kule nyuma karibu na meza ya chai. Nilikuwa nimenyoosha mkono nichukue mandazi, na Derek akapaza sauti kama mtangazaji wa mpira. "Wapisheni, wapisheni! Sura ya Saba anapita! Jamani msimpe chai nyingi, kuna kitanda huko nyumbani kinaogopa."

Walicheka wote. Hata Brightness, ambaye tunakaa naye safu moja tangu nije Toronto, alicheka kwanza halafu ndio akakumbuka kuweka mkono mdomoni. Mimi nikarudisha mandazi kwa sahani. Hivyo ndivyo niko. Mtu akinitukana, mimi narudisha mandazi.

Hiyo sura ya saba ni ya kitabu cha mama yangu. Kinaitwa Magoti ya Mama: Kumlea Mtoto wa Kristo Ugenini. Mama anaitwa Phyllis, lakini kanisani yeye ni Mama Nkirote, kwa sababu mimi ndiye Nkirote na hana mtoto mwingine. Kwa jalada amepiga magoti na kitenge chake cha zambarau, amefunga macho, mikono iko juu ya kitanda. Derek ndiye alipiga hiyo picha na simu yake. Kitanda ni changu. Shuka pia ni zangu, zile za maua. Kwa hivyo Derek alipokuwa anasema kitanda kinaogopa, kila mtu pale alikuwa ameshakiona hicho kitanda.

Sura ya kwanza ni ya maombi ya asubuhi. Ya pili ni ya simu. Kuna ya nguo, kuna ya marafiki wa shule, kuna ya muziki. Hizo sina shida nazo, ni vitu ambavyo kila mama pale kanisani husema kila siku bure. Halafu ndio unafika ya saba, Vita vya Kitandani. Imeandikwa hivi: binti yangu Nkirote alipokuja kutoka Kenya akiwa na miaka kumi, alikuwa anakojoa kitandani kila usiku, na aliendelea mpaka karibu miaka kumi na mbili. Hakusema binti mmoja, ama mtoto fulani. Alisema Nkirote. Ati nilikuja na kitu kutoka kwa nyumba ya nyanya yangu, mahali nililelewa bila maombi. Ati Mama akafunga, akalala sakafuni kando ya kitanda changu usiku kwa usiku, akakikemea hicho kitu, na siku moja asubuhi shuka zikapatikana kavu. Haleluya.

Huyo nyanya, Shosho wangu, ni mama wa Methodist, kule Meru. Ana kitambaa cha kichwa cha kina mama wa kanisa na huwa anakipiga pasi kabla ya kupiga pasi kitu kingine chochote. Magoti yake ni meusi na magumu kama kisigino, na si kwa sababu ya kulima. Yeye ndiye alinilea tangu Mama aende Canada nikiwa mdogo, sijui hata kufunga kamba za viatu.

Mama aliandika hayo yote akijua sitayasoma. Nyumbani huwa namjibu kwa Kizungu, kama watoto wote wa huku, na nimewahi kumsikia kwa simu akimwambia rafiki yake, "Huyu wangu Kiswahili anasikia tu. Kusoma? Wapi!" Alisahau mimi nilisoma Meru mpaka darasa la nne. Alisahau ni mimi nilikuwa namsomea Shosho Biblia ya Kiswahili jioni, macho yake yakiwa yamechoka, na nikikosea neno ananigonga goti pole pole na kidole.

Nilikisoma kile kitabu chooni, mlango umefungwa, nikamaliza. Halafu nikaenda jikoni.

Mama alikuwa anapika chapati. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, mbona umeandika ile ya kitanda?"

Aligeuka haraka. Nafikiri Kiswahili ndicho kilimshtua kwanza, si swali.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Kumbe unaweza kusoma! Bwana asifiwe." Akageuza chapati. "Sasa si umeona vile Mungu alitutoa mbali?"

"Ni mambo yangu, Mama."

"Ushuhuda si wa mtu, mum," akasema. Mum ndivyo huniita akinibembeleza. " Ni wa Mungu. Unajua ni akina mama wangapi wamenipigia wakilia? Kuna mmoja yuko Mississauga, mtoto wake ana miaka tisa, alikuwa anadhani ni yeye peke yake duniani."

"Ungesema ni mtoto mwingine."

"Mwingine gani? Niko na mwingine?"

"Na Shosho? Umesema ana mapepo."

"Wapi nimesema mapepo? Nimesema mazingira." Akapaka mafuta. "Lete sahani, hizi zinapoa."

Nikaleta sahani.

Sasa kuna kitu mnafaa kujua. Kuna jambo kuhusu zile siku za kitanda ambalo Mama hakuandika. Tunalijua sisi wawili tu. Yeye mwenyewe alinikataza kulisema, na sikuwahi kulisema, si kwa mwalimu, si kwa Brightness, si hata kwa Shosho nikilia kwa simu. Nilimfichia lake miaka yote hiyo. Nilidhani na yeye amenifichia langu. Nilidhani tumeelewana.

Kama ingebaki hapo kanisani, pengine ningemeza. Mimi nimemeza vitu vingi. Lakini akaingia Melissa.

Melissa ni mzungu anayefanya kazi na watu wanaochapisha vitabu vya Kikristo. Mama yake mzee yuko kwa ile nyumba ya wazee ambapo Mama anafanya kazi sasa, na Mama ndiye humwogesha na kumwimbia. Melissa akasikia kuhusu kitabu, akapenda. Akasema anataka kukitoa kwa Kizungu, kiwekwe kwa maduka na kwa maktaba, kisomwe na watu wa kila kabila. Kitabu kilikuwa kimeshaanza kuuzwa kanisani, lakini uzinduzi wenyewe ulikuwa bado; angekuja siku hiyo asikie Mama akikieleza, ndio aamue.

Kwa Kizungu. Hiyo ilimaanisha shule yangu. Kwa Kiswahili, Sura ya Saba ilikuwa ya watu wa kanisa moja Rexdale. Kwa Kizungu, ilikuwa itanifuata kwa korido, kwa simu za watu, mpaka chuo kikuu, na jina langu likiwa pale pale na kitanda kwa jalada.

Usiku nilikuwa nalala nikifikiria vile nitamfanya Mama ajue hiyo hisia. Nisimwambie tu. Ajue na ngozi yake.

Na yeye mwenyewe ndiye alinipa njia.

Kanisa letu mhubiri haongei peke yake. Anasema sentensi moja kwa Kiswahili, ananyamaza, na mkalimani anaisema kwa Kizungu kwa sababu ya vijana na wageni. Mkalimani akiwa mzuri hata anafanana na mhubiri. Mhubiri akiruka, anaruka. Mhubiri akilia, anatoa kitambaa. Anasema "mimi" na si yeye. Kawaida ni Mzee Kangethe, baba yake Derek, ambaye amewahi kutafsiri mpaka kukohoa kwa pasta.

Mama akasema, "Siku ya uzinduzi sitaki Mzee Kangethe. Nataka wewe. Mama na binti kwa madhabahu. Yule mtoto asiyeongea, leo anaongea! Hapo hata sihitaji kuhubiri, watu wataona kitabu kimesimama na miguu miwili."

Nikasema siwezi. Na ni kweli, siwezi. Shuleni nikiulizwa swali, sauti yangu inaingia ndani kama kobe. Lakini kesho yake nikiwa kwa basi la Kipling nikafikiria kitu. Mkalimani hahesabiwi kwamba anaongea. Maneno si yake. Na hakuna mtu humkatiza mkalimani. Hata mwenye maneno lazima amngoje amalize.

Nikarudi nyumbani nikasema, "Nitatafsiri. Lakini hutasema sura ya saba."

"Sitaisema."

"Apa."

"Mkristo haapi, Nkirote. Nikisema ndiyo ni ndiyo."

"Hata wakiuliza?"

"Hata wakiuliza. Wewe nawe! Si nimesema?"

Basi nikajitayarisha. Nilitayarisha njia mbili. Akitimiza neno lake, namtafsiria vizuri mpaka mwisho, isipokuwa mambo ya Shosho, hayo ningerekebisha. Akivunja, nilikuwa na sentensi zangu. Nilizifanyia mazoezi kwa basi, mdomo umefungwa, ulimi ndio unatembea.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, joto. Kanisa letu ni ukumbi wa kukodisha, upande huu wanabadilisha magurudumu, upande ule wanauza mazulia, na ndege za kwenda kutua zinapita chini sana mpaka pasta amezoea kunyamaza zikipita. Vitabu vilikuwa vimepangwa mezani kama keki ya harusi. Kulikuwa na pilau, sambusa, chai. Melissa alikaa safu ya mbele na nguo ya kijani, ameshika kitabu ambacho hawezi kusoma, anatabasamu kwa kila mtu. Derek alikuwa kwa kamera.

Pasta Gitonga akatukaribisha. "Wapendwa, kuna watu huandika kuhusu matunda na hawana hata mti. Leo mama amekuja na tunda lenyewe!" Watu wakapiga makofi. Tunda lilikuwa mimi. Nikasimama kando ya Mama na maikrofoni yangu.

"Bwana asifiwe," Mama akasema.

"Bwana asifiwe," nikasema kwa Kizungu, na sauti ikatoka. Sikuamini. Ilitoka kubwa, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi.

"Amen!" watu wakajibu, na mama mmoja akapiga vigelegele, "Aki Nkirote!"

Tukaenda hivyo muda mrefu. Mama anasema, mimi nasema. Kuhusu simu, kuhusu nguo. Aliposema mtoto ni kama ugali, ukiacha kukoroga unashika chini, nikatafuta namna ya kumwelezea Melissa ugali, na watu wakacheka kwa upendo. Mama alinishika mgongo. Nitasema ukweli, kulikuwa na dakika pale nilifurahi. Nilifikiria labda atatimiza neno lake na mimi nitaenda nyumbani nikiwa mtu anayejua kuongea.

Halafu akasema, "Huyu mtoto nimemlea na magoti yangu haya."

Nikasema kwa Kizungu, "Huyu mtoto alilelewa na magoti ya nyanya yake, ambaye yuko Meru na ni mtu wa maombi kuliko sisi wote."

Wale wanaosikia lugha zote mbili, na ni karibu ukumbi mzima, wakacheka kidogo. Walidhani ni utani. Melissa akaitikia na kichwa. Mama akanitazama na jicho la pembeni, meno yakiwa nje bado.

"Tafsiri vizuri, mum," akasema chini chini.

"Nimetafsiri," nikasema.

Hapo ndipo alibadilika. Namjua mama yangu. Ukimgusa mbele za watu, lazima akurudishe mahali pako mbele ya watu hao hao. Na Melissa alikuwa ameinama mbele, kalamu mkononi, anangoja kitu kikubwa. Mama akavuta pumzi.

"Huyu mnamwona leo amesimama," akasema, na akaweka mkono wake kichwani kwangu kama mtu anayeombea mtoto mchanga. "Huyu alikuwa anakojoa kitandani akiwa msichana mzima wa miaka kumi na moja."

Akanyamaza. Ilikuwa zamu yangu.

Kutoka kwa kamera nikamsikia Derek akisema pole pole, "Sura ya Saba hiyo." Mtu akazuia kicheko na pua.

Mkono wa Mama ulikuwa bado kichwani kwangu. Nikautoa. Niliutoa pole pole, nikaurudisha kando yake kama kitu cha mwenyewe. Halafu nikamwangalia Melissa, nikaanza.

Nikasema, "Nilipokuja Canada nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa anafanya kazi usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa anatoka jioni na kurudi asubuhi. Nilikuwa nalala peke yangu kwa nyumba."

"Nkirote," Mama akasema. Bila maikrofoni.

"Jirani wa chini alikuwa mtu wa kulalamika. Akisikia miguu anagonga dari na ufagio. Mama aliniambia huyo mtu akijua kuna mtoto peke yake, atapiga simu, na serikali itakuja kunichukua, na sitamwona tena, wala Shosho. Kwa hivyo aliniambia akishatoka nisiwashe taa. Nisitembee. Nisivute maji chooni, kwa sababu bomba la choo linapita kwa huyo jirani."

Ndege ikapita. Nikangoja ipite, vile pasta hufanya. Nafikiri kama kuna mtu alitaka kunisimamisha, nafasi yake ilikuwa ni hapo. Lakini mkalimani hakatizwi.

"Kwa hivyo sikutembea," nikasema. "Nilikuwa naamka nataka kwenda choo, naogopa sakafu, nabaki kitandani najikaza mpaka nashindwa. Halafu nalala hapo juu yake mpaka Mama arudi. Haikuwa kitu cha Shosho. Kwa Shosho sikuwahi kukojoa kitandani hata mara moja. Na haikuisha kwa maombi. Mama hakuwa amelala sakafuni kando yangu, mama alikuwa kazini. Iliisha siku alipopata kazi ya mchana. Usiku wa kwanza alipolala nyumbani, niliamka, nikatembea, nikavuta maji."

Nikamgeukia Mama. Nikamwambia kwa Kiswahili, na maikrofoni ikiwa mdomoni, "Nimemaliza. Endelea."

Hakuendelea.

Nilikuwa nimefikiria sana vile hiyo dakika itakuwa. Nilifikiria watu watamwangalia Mama, watanong'ona, na yeye ataona vile macho yanaunguza. Lakini hawakumwangalia. Akina mama walikuwa wanaangalia mikoba yao. Mama Brightness alikuwa anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja. Mzee Kangethe alikuwa ameinamisha kichwa kabisa, kipara ndicho kilikuwa kinatuangalia. Nikaelewa. Hakuna mzazi mle ndani alikuwa hajawahi kumfungia mtoto mlango akaenda kazini. Nilikuwa nimetupa jiwe moja likaangukia kila mtu. Na mnisamehe ama msinisamehe, nilifurahi. Walikuwa wamecheka wote, sivyo? Basi.

Melissa akainua mkono kama mwanafunzi. Akauliza kwa Kizungu, pole pole, kama hiyo iko kwa kitabu.

Mama anajua Kizungu kuliko mimi. Alielewa vizuri. Lakini mkalimani nilikuwa mimi, na kazi haijaisha. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiswahili safi cha Shosho, "Mgeni anauliza, haya mambo yameandikwa kwa kitabu?"

"Usinifanyie hivi," akasema.

Nikamngojea, maikrofoni imeelekea kwake.

"Hayako," akasema.

"Hayako," nikamwambia Melissa.

Pasta Gitonga akaruka juu. Kwetu kitu kikiharibika, huwa tunakiombea. "Tusimame! Tusimame wote tumwinue Bwana!" Akachukua maikrofoni ya Mama, akaomba maombi marefu, akaombea wasafiri, akaombea wagonjwa, akaombea serikali ya Kenya na ya Canada, na alipofungua macho akasema kwa haraka, "Amen, chai iko tayari."

Kwa meza ya chai Melissa alimjia Mama. Nilikuwa nyuma yao na nilisikia yote. Akamwambia hawezi kuitoa hiyo sura vile iko, kwa sababu sasa anajua si kweli. Lakini akasema, kama Mama anaweza kuandika ile nyingine, ya usiku na jirani na kazi, ampigie simu, hata kesho. Hicho kitabu angekitoa mbio.

Mama alikuwa ameshika kikombe na mikono miwili. "Hapana," akasema. "Hiyo siwezi kuandika."

"Sura moja tu," Melissa akasema.

"Siwezi. Kila mtu atasoma."

Nilitaka kucheka. Kila mtu atasoma! Alisema hayo na mdomo wake, na mimi nimesimama pale. Na ndio ikaisha. Hakuna Kizungu, hakuna maktaba, hakuna korido. Melissa alichukua mkoba wake, akamkumbatia Mama, akaniangalia kama anataka kusema kitu, halafu akaenda. Kile kitabu alikiacha kwa kiti.

Derek akaja na mandazi kwa karatasi. Alikuwa haangalii uso wangu.

"Nkirote," akasema. Si Sura ya Saba. "Sisi tulikuwa tunaambiwa tusifungue TV. Mimi na dada yangu. Tulikuwa tunakaa kwa kabati ya nguo na tochi."

Nafikiri alitaka tuwe marafiki hapo. Nikamwambia, "Mwambie baba yako aandike kitabu. Wewe utapiga picha."

Halafu nikachukua mandazi mkononi mwake, nikala mbele yake, yote, pole pole.

Kwa gari Mama hakuwasha redio. Masanduku ya vitabu yalikuwa nyuma, yanagongana tukikata kona. Tulipofika Islington, taa ikiwa nyekundu, akasema, "Umeniua, Nkirote."

"Uliahidi."

"Nilikuwa nafanya kazi! Nani angelipa hiyo nyumba? Ulidhani nilikuwa nimeenda kucheza huko? Nilikuwa nabeba masanduku nikilia, nikifikiria wewe uko huko ndani peke yako."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua hata wakati ule. Ndio maana sikusema kwa mtu. Ungenyamaza na wewe, ningenyamaza mpaka nizeeke."

Taa ikawa kijani. Mtu nyuma akapiga honi. Mama akaendesha.

"Ungeniambia nyumbani," akasema. "Tukiwa wawili."

"Nilikuambia nyumbani. Ulikuwa unapika chapati."

Tulipofika alibeba sanduku moja, mimi nikabeba lingine, lifti ikatupandisha. Bado tunakaa kwa nyumba ile ile. Jirani wa chini ni yule yule, amezeeka, lakini ufagio wake haujazeeka. Watu wanasema nina aibu, natembea kama paka, naongea kama mtu yuko maktaba. Si aibu. Nilifundishwa kutosikika, na nikajifunza vizuri. Mpaka jioni hiyo nilikuwa nikiingia tu mlangoni navua viatu.

Sikuvua. Vilikuwa vile vya kanisa, vina kisigino. Nikatembea navyo kutoka mlangoni mpaka chumbani, nikarudi, ko, ko, ko, jua bado liko dirishani. Mama alikuwa amekaa jikoni na sanduku miguuni. Aliangalia viatu vyangu. Nikaenda chooni, nikaacha mlango wazi, nikavuta maji. Likanguruma bomba lote mpaka chini. Nikasimama nikangoja tangi lijae. Nikavuta tena.

Ufagio ukagonga dari ya chini. Nikavuta tena.

"Nkirote." Sauti yake ilikuwa imeisha. "Wacha, mum. Watu wa chini watasikia."

Tangi lilikuwa linajaa. Nikaweka mkono tayari.

"Wasikie," nikasema.